Kuizoea M83 Kabla ya Mlipuko

Kati ya mwaka 1923 na 1983, nuru ya supanova sita ilifika duniani kutoka galaksi moja tu, M83. Mojawapo ilifika mwaka 1945, ikanaswa kwenye picha, picha ikahifadhiwa, na dunia ikaendelea na mambo yake. Ilipofika mwaka 1990 ndipo mwanaastronomia William Liller, akipekua picha za zamani, alipoitambua nyota ambayo haikupaswa kuwapo pale. Miaka 45 ilikuwa imepita. Chombo kilikuwa kimefanya kazi yake, na anga ilikuwa imetoa ilichotoa. Kilichokosekana ni mtu anayeijua sura ya kawaida ya galaksi ile kiasi cha kushtuka pakizidi kitu. Mwongozo huu umejengwa juu ya funzo hilo: anayetaka kuona supanova hana budi kuitazama galaksi yake mara nyingi ikiwa haina supanova, na kuandika kila mara kwamba hakuona kitu. Mlipuko ni bahati, lakini mazoea yako mikononi mwako, na ndiyo yanayoifanya bahati ikitokea isipite bure.

Kwa nini M83

Mtazamaji mwenye darubini moja hawezi kulinda anga nzima, kwa hiyo kuchagua ni nusu ya kazi. M83 inastahili kuchaguliwa kwa sababu tatu. Kwanza, iko karibu kwa vipimo vya galaksi, takriban miaka ya nuru milioni 15. Pili, imetugeuzia uso wake karibu wote, hivyo tunaitazama kama kutoka juu: kiini katikati, ufito wa nyota unaokatiza kiini, na mikono iliyojipinda kuanzia ncha za ufito huo. Tatu, ni galaksi inayozaa nyota kwa wingi. Ufito ule si pambo. Mvutano wake husukuma gesi kuelekea katikati, na gesi ikirundikana huzaa nyota mpya, nyingine kubwa sana. Nyota yenye maada zaidi ya mara nane ya Jua letu huishi miaka milioni kadhaa au makumi ya milioni tu, wakati Jua limepangiwa miaka bilioni 10 hivi. Nyota kubwa basi hufa kabla haijasogea mbali na mahali ilipozaliwa. Ndiyo maana penye uzazi mwingi pana vifo vingi, na ndiyo maana macho yako yatakuwa kwenye mikono na kwenye kiini kuliko kwenye giza la pembezoni. Si kwamba pembezoni hapatokei kitu. Kuna supanova za aina ya Ia, zinazotokana na nyota kibete nyeupe, ambazo zaweza kulipuka popote. Lakini ukiwa na dakika chache za mawingu kufunguka, anza penye uwezekano mkubwa.

Ukaribu wa M83 una faida inayopimika. Wanaastronomia hupima mwangaza kwa madaraja, na namba ikiwa kubwa nyota huwa hafifu: jicho tupu gizani hufika daraja la 6, darubini yenye kioo cha sentimita 10 hufika karibu daraja la 12, na ya sentimita 15 hufika karibu la 13. Supanova ya kawaida itokanayo na nyota kubwa, ikiwa umbali wa M83 na bila vumbi kuizuia, hufikia daraja la 11 au la 12. Ile ya aina ya Ia ingeweza kufika karibu na daraja la 9. Kwa maneno mengine, mlipuko uliotokea miaka milioni 15 iliyopita unaweza kuonekana kwa chombo ambacho klabu ya shule inaweza kuchanga fedha na kukinunua. Hayo si makisio matupu: mwaka 1968 Jack Bennett wa Pretoria aliiona supanova iliyopewa jina 1968L kwa darubini ya lenzi ya inchi tano, yaani chini kidogo ya sentimita 13, wakati akisaka nyotamkia.

Faida ya kusimama hapa

Msomaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Mbeya anaanza na mtaji ambao waangalizi maarufu wa Ulaya hawakuwa nao. Charles Messier aliiandika galaksi hii kwenye orodha yake mwaka 1781 akiwa Paris, na alilalamika kwamba inaonekana kwa taabu. Alikuwa na haki, kwa sababu kutoka Paris M83 haipandi zaidi ya nyuzi 11 hivi juu ya upeo wa macho, ndani ya ukungu na vumbi la hewa. Aliyeigundua kabla yake, Nicolas-Louis de Lacaille, aliiona mwaka 1752 kwa darubini ndogo sana, lakini alikuwa amesimama Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, na hapo ndipo tofauti ilipo. Kutoka Nairobi galaksi hii hupanda hadi nyuzi 61, Dar es Salaam nyuzi 67, na Mtwara karibu nyuzi 70. Nuru inayokujia kutoka juu hivyo hupita kwenye hewa kidogo, kwa hiyo hufika ikiwa safi zaidi. Chombo kidogo mahali pazuri kinaweza kushindana na chombo kikubwa mahali pabaya.

Majira nayo yana masharti yake. M83 hufika juu kabisa saa sita na nusu usiku katikati ya Aprili, lakini hizo ni wiki za masika katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Juni inafaa zaidi. Mwanzoni mwa mwezi huo galaksi hufika kileleni kati ya saa tatu na saa nne usiku, na mwanzoni mwa Julai ni saa moja na nusu, giza linapokamilika. Kisha huanza kushuka magharibi mapema zaidi kila wiki, na kufikia Oktoba Jua linakuwa upande uleule wa anga, kwa hiyo hakuna wa kuiona. Panga doria yako kuanzia Februari, ukiwa tayari kuamka usiku wa manane, hadi Agosti, na uchague siku ambazo mwezi haupo angani.

Kuitafuta si kugumu ukijua nyota tatu. Anza na Spica, nyota nyeupe yenye nguvu ambayo katika saa hizo za Juni huwa karibu na utosi. Kutoka Spica shuka kusini kiasi cha nyuzi 12, yaani upana wa ngumi moja na ushee ukinyoosha mkono, utakuta Gamma Hydrae, nyota ya wastani katika kundi la Hydra. Sasa nenda upande wa Msalaba wa Kusini. Mashariki ya Msalaba zipo nyota mbili kali, Alpha na Beta Centauri, na juu yao, upande wa kaskazini, iko Menkent, nyota ya rangi ya chungwa isiyo na jirani wa kufanana nayo. Chora mstari kichwani kutoka Gamma Hydrae hadi Menkent. M83 iko karibu nusu ya njia, imesogea magharibi ya mstari kwa nyuzi moja na kitu. Darubini ya macho mawili ya 10x50 itakuonyesha doa la ukungu mahali penye giza. Hilo doa ndilo mahali pako pa kazi.

Kujifunza sura yake

Kabla ya kutazama, yape macho yako nusu saa gizani bila simu, na kama unahitaji kusoma ramani tumia tochi yenye mwanga mwekundu hafifu. Anza na ukuzaji mdogo ili upate galaksi yote, kisha ongeza. Usiikodolee macho: elekeza macho pembeni kidogo, kwa sababu sehemu ya jicho inayoona vizuri gizani haiko katikati. Kwa darubini ya sentimita 10 utaona kiini kinachong'aa na ukungu kukizunguka. Kwa sentimita 20 au 25, mbali na taa, ufito utaanza kujitokeza na mkono mmoja au zaidi utajipinda. Usikate tamaa kama picha za darubini ya Hubble haziko mbele yako. Unachotafuta si urembo wa mikono, ni nukta kali mahali ambapo jana hapakuwa na nukta.

Hapa ndipo hoja ya mazoea inapopata uzito. Juu ya uso wa M83 zimetapakaa nyota za galaksi yetu wenyewe zilizo mbele yake tu, na ndani yake yapo mawingu ya gesi inayong'aa ambayo kwa chombo kidogo hufanana na nyota. Mgeni ataziona zote na kudhani kila moja ni ugunduzi. Bennett hakuwa mgeni. Kwa kuwa alisaka nyotamkia, na galaksi kwenye darubini ndogo hufanana na nyotamkia, alijitengenezea orodha ya vitu vya anga ya kusini vinavyoweza kumdanganya, akavijua kimoja kimoja. M83 ilipobadilika, aliona badiliko. Miaka 15 baadaye, Julai 1983, mchungaji Robert Evans wa Australia aliigundua supanova 1983N katika galaksi hiyohiyo, kwa jicho na darubini ya nyumbani. Evans alikuwa amekariri sura za galaksi nyingi kama mwenye duka anavyozijua rafu zake, na kwa njia hiyo aligundua supanova zaidi ya 40 maishani mwake. Ile ya 1983 aliikamata kabla haijafika kilele. Kwa sababu hiyo wataalamu walipata nafasi ya kuisikiliza kwa darubini za redio ikiwa bado changa, na ikawa miongoni mwa mifano ya msingi ya aina ya supanova inayoitwa leo Ib. Angechelewa wiki tatu, sehemu kubwa ya maarifa hayo ingekuwa imepotea.

Ili ufike huko, chora. Chapisha picha ya M83 na eneo linaloizunguka, kisha kwenye karatasi nyingine chora duara na uweke nyota unazoziona kwa chombo chako mwenyewe, usiku baada ya usiku, hadi mchoro usiwe na la kuongeza. Hakikisha unajua kaskazini iko wapi kwenye kioo chako, kwa maana darubini nyingine hupindua picha juu chini na nyingine hubadilisha kushoto na kulia. Na usiitegemee picha ya mtandaoni peke yake. Picha nyingi zimepigwa kwa muda mrefu ili mikono ionekane, hata kiini kikageuka doa jeupe linalomeza kila nyota iliyo karibu. Supanova ya 1968 ilitokea karibu na kiini. Anayelinganisha na picha ya namna hiyo atakuwa kipofu mahali hasa panapostahili kuangaliwa zaidi, ilhali mchoro wa jicho hauna kasoro hiyo.

Ukiona nyota ngeni

Furaha ni adui wa kwanza wa ushahidi, kwa hiyo ipe kazi. Andika saa, chora mahali pa nukta kwa kulinganisha na kiini na nyota jirani, kisha kadiria mwangaza wake ukitumia nyota ambazo madaraja yake yanajulikana. Subiri saa moja au mbili, utazame tena. Ikiwa imesogea, ni sayari ndogo ya mfumo wetu wa Jua. M83 iko mbali na njia kuu ya sayari, kwa hiyo hilo ni nadra, lakini nadra si kamwe. Hifadhidata ya Minor Planet Center itakuambia kama kuna sayari ndogo inayopita hapo. Badilisha ukuzaji na usogeze darubini: miale ya uongo ndani ya vioo husogea pamoja na chombo, nyota hubaki na jirani zake. Kisha angalia tovuti ya Transient Name Server, ambako taarifa za milipuko hupokelewa kwa niaba ya Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, uone kama imekwisha kuripotiwa. Kama haipo, mwombe mtazamaji mwingine aiangalie bila kumwambia uliiona wapi hasa, halafu peleka taarifa. Kitu kipya hupewa kwanza jina linaloanza na AT. Herufi SN huja baada ya wataalamu kuchanganua nuru yake na kuthibitisha kwamba kweli ni supanova.

Pingamizi zenye haki

Pingamizi la kwanza ni zito: mashine zimeshika kazi hii. Mradi wa ASAS-SN na ule wa ATLAS, ambao una darubini hata Sutherland nchini Afrika Kusini, hupiga picha anga kubwa kila usiku, na kompyuta hulinganisha picha bila kuchoka. Sasa kuna paoneaanga pa Vera Rubin nchini Chile. Ni kweli, na anayeingia kwenye doria hii kwa sharti la kuwa wa kwanza atavunjika moyo. Lakini angalia ushahidi wote. Mei 2023, mashine hizo zikiwa kazini, supanova SN 2023ixf katika galaksi ya M101 iligunduliwa na Koichi Itagaki wa Japani, mtazamaji asiyelipwa na taasisi yoyote. Mashine zina ratiba, zina mawingu ya mahali zilipo, na hazisimami kila mahali kwa wakati mmoja. Jua likiwa bado juu ya Chile, giza limekwisha kuingia pwani ya Afrika Mashariki. Zaidi ya hapo, kugundua ni mwanzo tu wa kazi, kwani mwangaza wa supanova unapaswa kupimwa kwa wiki na miezi, na taasisi kama AAVSO ya Marekani imekuwa ikipokea vipimo vya watazamaji wa kujitolea kwa zaidi ya karne.

Pingamizi la pili linatokana na hesabu. Supanova sita katika miaka 60 ni kama moja kila mwongo, lakini tangu 1983 zaidi ya miaka 40 imepita bila nyingine kuthibitishwa katika M83. Wapo watakaosema galaksi imechoka, na wapo watakaosema deni limeiva na lazima lilipwe karibuni. Wote wawili wanakosea kwa namna moja. Nyota moja haijui lini nyingine ililipuka, kwa hiyo ukimya hauongezi uwezekano wa mwaka ujao wala hauupunguzi. Wastani wa moja kwa mwongo unaweza kabisa kuwa uliinuliwa na bahati ya kipindi kile. Nyingine huenda zimefichwa na vumbi. Tunachojua kwa hakika ni kwamba mitambo ya kuzaa nyota kubwa ingali inafanya kazi: Hubble imeonyesha karibu masalia 300 ya supanova ndani ya M83, na darubini ya Chandra imenasa eksirei kutoka kwenye masalia ya ile iliyogunduliwa 1957. Basi jibu la uaminifu ni kwamba unaweza kungoja mwaka mmoja au miaka 30. Asiyeweza kukubali hilo na aongeze galaksi nyingine kwenye doria yake. NGC 1365 katika kundi la Fornax, yenye ufito mzuri kuliko zote, imetoa supanova nne tangu 1957, na hupanda vizuri miezi ya Novemba hadi Januari, M83 inapokuwa haipo jioni. M61 katika kundi la Virgo, iliyo mbali kuliko M83, imetoa nane kati ya 1926 na 2020.

Pingamizi la tatu ni la mkazi wa mjini: taa za barabarani zimefuta kila kitu. Zimefuta galaksi, naam, lakini si lazima zifute supanova. Nuru ya galaksi imetandazwa juu ya eneo pana, kwa hiyo anga ikipauka inamezwa. Nuru ya supanova imekusanyika kwenye nukta moja. Ukiongeza ukuzaji, weupe wa anga hufifia huku nukta ikibaki kali. Mtu wa mjini mwenye mchoro sahihi wa nyota za eneo lile anaweza kuona nukta ya daraja la 11 mahali ambapo mikono ya M83 haionekani kabisa. Bila mchoro hataweza, na tumerudi palepale: anayejua pakoje pakiwa patupu ndiye atakayejua palipojaa.

Thamani ya kuandika "sijaona"

Ushahidi mkubwa wa hoja hii unatoka nje ya M83. Tarehe 23 Februari 1987, saa za kimataifa 7:35, vipokezi vya chini ya ardhi vilinasa chembe ziitwazo nutrino kutoka nyota iliyokuwa ikiporomoka katika Wingu Kubwa la Magellan. Karibu saa mbili baadaye, Albert Jones wa New Zealand, mtazamaji wa kujitolea, alipitisha darubini yake eneo hilohilo katika doria yake ya kawaida, na hakuona kitu cha ajabu. Saa 10:38, picha ya Robert McNaught huko Australia ikaonyesha nyota mpya ya daraja la 6. Kwa sababu Jones alijua alichotazama, alitazama lini, na angeweza kuona hadi kiwango gani, kutoona kwake kukawa kipimo: wanafizikia walijua kwamba nuru ilichelewa nyuma ya nutrino, na kwa muda gani takriban. Hakuna mlipuko alioupata dakika ile, lakini alichoacha kimeingia kwenye vitabu vya sayansi. Angetazama bila kuandika, isingekuwa na maana yoyote.

Basi anza na daftari. Kila usiku wa doria andika tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza kwa saa za kimataifa (toa saa tatu kutoka saa ya Afrika Mashariki, na kumbuka hesabu hiyo huanza usiku wa manane), chombo na ukuzaji, hali ya mawingu na mwezi, na jambo ambalo wengi husahau: nyota hafifu kuliko zote uliyoiona na daraja lake. Hilo la mwisho ndilo linaloligeuza neno "sijaona" kuwa taarifa, kwa sababu linasema ni kitu cha mwangaza gani hakikuwapo. Baada ya msimu mmoja utakuwa na kurasa kadhaa zenye jibu lilelile. Usizione kuwa za bure. Siku supanova ya saba ya M83 itakapotangazwa, iwe na wewe au na mashine iliyo upande wa pili wa dunia, swali la kwanza la watafiti litakuwa ilianza lini, na mwenye kurasa hizo atakuwa miongoni mwa wachache wenye haki ya kulijibu.